Sheikh Yahya Hussein na Elimu ya Nyota





Darsa ya mwezi huu tulikwisha kuitayarisha, nayo ilikuwa juu ya udhu wa mgonjwa na kutayamamu, jambo linalowahusu sana watu wa huku Habaswein ambako vumbi ni jingi kuliko maji, na jina lenyewe la mji kwa Kisomali ndiyo maana yake: vumbi kubwa. Tumeiweka kando kwa ajili ya barua moja. Barua hiyo hakuandikiwa mtu wa darsa yetu tu, bali imewaandikia nyote msiojua, kwani hoja iliyomo twaisikia pwani nzima, na twaona ni kheri ijibiwe hadharani.

Yupo hapa kijana wa Lamu, mwalimu wa hisabu wa skuli, ambaye kwa mwaka wa tatu sasa hukaa nasi katika darsa baada ya Isha. Kijana huyu amemposa binti wa hapa. Wazee wa binti wameridhia, mahari yamesemwa na kukubaliwa, na lililobakia lilikuwa siku ya kufunga nikaha. Mara ikaja barua ya baba yake kutoka Lamu, nayo yasema: Posa ivunjwe. Majina ya vijana wawili na majina ya mama zao yamepelekwa kwa mwalimu mwenye kitabu, kitabu kimefunguliwa, na imeonekana kwamba nyota ya mume ni ya maji na ya mke ni ya moto, na nyumba ya namna hiyo haikai, ama itaingia talaka ama mume hatamaliza miaka mitatu. Na chini ya barua mzee yule, kwa kuwa ni mtu wa kusoma na ajua kwamba mwanawe yu pamoja na watu wa darsa, ameongeza maneno haya kwa maana yake: Ikiwa masheikh wako wa Habaswein watakwambia elimu ya nyota ni uwongo, waulize basi Sheikh Yahya Hussein alikuwa nani? Je, hakuwa mtu wa Qur'ani? Na Raisi wa nchi hakusimama kaburini kwake?

Kijana alituletea barua hii akaiweka juu ya mkeka, hakusema neno. Nasi twataka kumjibu baba yake kwa adabu, kwani ni mkubwa wetu kwa umri, wala hakuandika kwa ubaya. Ameandika kwa kumwogopea mwanawe.

Tuanze na mtu aliyemtaja, kwa sababu hoja yake imesimama juu ya mtu huyo.

Sheikh Yahya Hussein alikuwa mtu wa Dar es Salaam, na nyumba yake ya Magomeni Mwembechai ilikuwa mashuhuri kwa wenyeji na wageni. Alitoka katika jamaa ya elimu, na kabla ya kujulikana kwa nyota alijulikana kwa usomaji wake wa Qur'ani. Alikuwa katika watu wa mbele waliosimamisha mashindano ya kusoma Qur'ani katika Tanzania, na hili hatumnyimi. Mwenye kumfanya mtoto apende kusoma Kitabu cha Mwenyezi Mungu amefanya jema, na jema haliondolewi kwa kuwa mwenyewe alikosea katika mlango mwengine. Kisha akaingia katika unajimu, na humo ndimo jina lake lilimokuwa kubwa. Utabiri wake ulichapwa magazetini, sauti yake ikasikiwa redioni, na ilipokuja runinga uso wake ukaonekana humo pia. Jina lake likavuka mpaka likaja Kenya, na watu wa hali zote, matajiri na maskini, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wakawa wanamtaka awaambie yatakayokuja. Kila mwaka ulipokaribia kwisha watu wakingoja aseme mwaka mpya utaleta nini: nani atakufa, serikali gani itatikisika.

Alikufa tarehe 20 Mei 2011, siku ya Ijumaa, akazikwa makaburi ya Tambaza, na Raisi Jakaya Kikwete alihudhuria mazishi. Mwanawe akaendelea na kazi ile ile ya nyota. Basi mzee wa Lamu hakusema uwongo katika yale aliyoyataja. Alikuwa mtu wa Qur'ani kweli, na Raisi alisimama kaburini kweli.

Lakini kumzika mtu ni haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenziwe, si muhuri wa kuthibitisha kazi aliyokuwa akiifanya. Raisi aliyemzika mvuvi hakuthibitisha kwamba samaki wake wote walikuwa wazima. Na tangu lini sisi Waislamu tukachukua hukumu za dini yetu kwa kutazama nani alisimama kaburini?

Tuutazame sasa utabiri wake uliovuma kuliko wote, ili ionekane jinsi kazi hii inavyokwenda. Mwishoni mwa mwaka 2009 alitangaza kwamba mwanachama yeyote wa chama cha CCM atakayethubutu kushindana na Raisi Kikwete katika kuteuliwa kugombea uchaguzi wa 2010, mtu huyo atakufa ghafla. Maneno haya yalizua kelele nchi nzima, na waliomlaumu walikuwamo wanasiasa na walikuwamo wanavyuoni. Ulipofika wakati, Kikwete akawa mgombea wa pekee ndani ya chama chake. Hakushindana naye mtu, na kwa hivyo hakufa mtu. Wapenzi wake wakasema: Mwaona? Waliogopa, kwa kuwa walijua ni kweli. Sasa tafakari, ewe msomaji. Lau angejitokeza mtu akashindana na akaishi, wangalisema amekingwa kwa kinga kubwa. Lau angejitokeza akafa baada ya miaka mitano kwa ugonjwa wa moyo, wangalisema ndiyo yale. Na hakujitokeza mtu, nako pia kukawa ni ushahidi. Neno ambalo likitokea ni kweli, na lisipotokea ni kweli, si khabari ya ghaibu hilo. Ni mtego usio na mlango wa kutokea. Watu wa vyama vyengine, kina Wilbrod Slaa na Ibrahim Lipumba, walishindana na Kikwete tarehe 31 Oktoba 2010, wakashindwa, na wakaendelea na maisha yao na siasa zao miaka mingi baadaye. Lakini utabiri ulikuwa umekwisha kuwatoa hao mapema, umewekwa kwa wale tu ambao tayari walikuwa na sababu zao za kunyamaza.

Na lipo jengine zito zaidi. Kumwambia mtu kwamba ukifanya jambo hili la halali utakufa ghafla, hata ukisema umelisoma nyotani, ni kumtia khofu. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe, na katazo hilo limepokewa na Abu Daud. Hakuna mtu ajuaye ni wapi atakufa, yasema aya ya mwisho ya Sura Luqman, na aya hiyo imeyataja matano ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake: Saa ya Kiyama, kuteremka kwa mvua, yaliyomo matumboni mwa mama, atakalolichuma mtu kesho, na ardhi atakayofia. Mtu akitoka hadharani akasema fulani atakufa kwa sababu kadha, ameingia mkono wake katika hazina isiyokuwa yake.

Mwaka wa uchaguzi wenyewe, baada ya Raisi kuzidiwa na kuanguka jukwaani pale Jangwani siku ya kufungua kampeni, mwezi wa Agosti, Sheikh Yahya alitangaza tena kwamba atampa walinzi wasioonekana kwa macho. Wenye kusoma Qur'ani hawangoji sisi tuwaonyeshe jibu. Nabii Suleiman (A.S.) alitumikiwa na majini kwa amri ya Mola wake, na alipokufa huku ameegemea fimbo yake, majini hao hao waliendelea na kazi ngumu, hawakujua kuwa amekufa mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo akaanguka. Yamo hayo katika aya ya 14 ya Sura Saba. Jini ambaye hakumjua maiti aliyesimama mbele yake, ndiye atakayeijua kesho ya Raisi? Na Sura Jinni yatueleza kwamba walikuwako watu waliokuwa wakijikinga kwa majini, na hawakuwazidishia ila madhila.

Mwezi ule aliokufa Sheikh Yahya, huku kwetu ulikuwa mwezi mgumu. Mvua ya vuli ya 2010 haikunyesha sawasawa, na mvua ya Gu, yaani masika, ya 2011 nayo ikashindwa. Ng'ombe wakafa kwanza, kisha mbuzi, kisha hata ngamia wakaanza kulala chini wasiinuke. Mwezi wa Julai Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa katika Somalia, na njia ya kwenda kambi za Dadaab ikajaa watu. Huku Habaswein na vijiji vya pembeni walikuwako wapiga faali, kama waliopo Lamu na Tanga, waliokuwa wakitazama nyota na kuapa kwamba mvua itashuka mwandamo wa mwezi fulani. Wafugaji waliowaamini waliwazuia wanyama wao badala ya kuwauza mapema wakiwa na nyama. Hatusemi kwamba wapiga faali ndio waliowaua ngamia wale. Ukame uliwaua. Lakini mtu aliyenyimwa khabari ana nafasi ya kujihadhari, na mtu aliyepewa khabari ya uwongo amenyimwa hata nafasi hiyo. Na kwa kisa cha mvua na nyota tunayo hadithi iliyo wazi. Asubuhi moja pale Hudaybiya, baada ya mvua ya usiku, Mtume (S.A.W.) aliwafahamisha masahaba kwamba mwenye kusema tumenyeshewa kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu amemuamini Yeye na kuzikanusha nyota, na mwenye kusema tumenyeshewa kwa nyota kadha amefanya kinyume chake. Ameipokea Bukhari na Muslim.

Asije mtu akafahamu kwamba dini yetu yazichukia nyota. Hasha! Nahodha wa jahazi wa Lamu na mchungaji wa ngamia wa Habaswein wote wawili wamekuwa wakisafiri usiku kwa nyota, huyu baharini na huyu nyikani, na Qur'ani yenyewe yaitaja neema hiyo katika Sura An'am na Sura Nahl. Elimu ya falaki ya hisabu, ya kujua nyakati za Sala na kibla na mwandamo wa mwezi, ni elimu tukufu, na Waislamu ndio waliokuwa walimu wake ulimwenguni kwa karne nyingi. Tazama kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 Novemba 2013. Watu wa hisabu walijua miaka mingi kabla yake kwamba kivuli kitapita Uganda na kaskazini mwa Kenya upande wa Turkana, wakajua na dakika, na watu wakasafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja kukingoja. Kikaja. Huko si kujua ghaibu, kwani aliyezifanya sayari ziende kwa hisabu ametupa akili ya kuhisabu. Lakini kupatwa huko hakukumwambia mtu yeyote lini mumewe atakufa. Siku jua lilipopatwa Madina, nayo ndiyo siku aliyokufa Ibrahim mtoto wa Mtume, watu walisema limepatwa kwa huzuni ya msiba. Mtume (S.A.W.), naye ndiye mwenye kufiwa, aliwakatalia pale pale, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Mnajimu angalilikamata neno lile kwa mikono miwili.

Na katika tarehe yetu mashuhuri ni kisa cha Khalifa al-Mu'tasim mwaka 223 Hijria, yaani 838, alipotaka kuuendea mji wa Ammuriya wa Warumi. Wanajimu walimwambia wakati haufai. Akaenda, akauteka. Abu Tammam akatunga kasida yake iliyo mashuhuri mpaka leo juu ya upanga na vitabu vya wanajimu.

Sasa tuje katika kitabu kilichofunguliwa Lamu. Hapa twaomba msomaji achukue kalamu, kwani hili ni somo la hisabu, na sisi twalijua kwa kuwa tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa, na aliyetufundisha alikuwa mcha Mungu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Njia yenyewe ni hii. Kila herufi ya Kiarabu ina hisabu yake ya abjadi: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea hivyo. (Hisabu hii yenyewe haina dhambi. Washairi wetu wakitia tarehe za misiba na ndoa kwa njia yake.) Huchukuliwa jina la mtu na jina la mamake, hukusanywa herufi zote, hugawanywa kwa kumi na mbili, na kile kinachosalia ndicho nyota yake katika buruji kumi na mbili: moja ni Punda, mbili Ng'ombe, tatu Mapacha, nne Kaa, tano Simba, na kuendelea hivyo mpaka kumi na mbili ambayo ni Samaki.

Kijana wetu aitwa Ali na mamake ni Maryam. Majina haya yako maelfu pwani, hayamfichui mtu, naye ameturuhusu. Ali ni 110. Maryam ni 290. Jumla ni 400. Ukiigawanya kwa kumi na mbili husalia 4. Nyota yake ni Kaa, na Kaa ni ya maji. Mpaka hapa mwalimu wa Lamu amehisabu sawa. Binti aitwa Halima, nayo ni 93. Mamake ameandikwa katika karatasi ya Lamu kama wanavyotamka watu wa pwani, Fatuma, kwa fe, ta nzito, wau, mimu na he, nayo ni 140. Jumla 233, husalia 5. Simba, nyota ya moto. Hapo ndipo posa ilipovunjwa.

Lakini mama yule katika cheti chake cha nikaha, kilichoandikwa na kadhi kwa Kiarabu, ni Fatima, kwa fe, alifu, ta nzito, mimu na he, kama alivyoitwa binti wa Mtume (S.A.W.). Hiyo ni 135. Ukiongeza 93 ya Halima hupata 228, nayo hugawanyika kwa kumi na mbili pasi na kusalia kitu, na kwa kanuni yao pasiposalia kitu huwa ni ya kumi na mbili. Samaki! Nyota ya maji, ndugu ya Kaa, na vitabu vile vile vyasema wawili hao hupendana mpaka uzeeni. Basi wau moja iliyoingia na alifu moja iliyotoka imemgeuza binti wa watu kutoka moto kuwa maji. Mume alikuwa afe kabla ya miaka mitatu, sasa ataona wajukuu.

Tena nyota za magazetini, ambazo ndizo zilizomfanya Sheikh Yahya ajulikane na watu wengi, hazihisabiwi kwa majina kabisa. Huhisabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Kijana wetu amezaliwa mwisho wa Novemba, na kwa njia hiyo ni Mshale, wa moto. Kwa kitabu ni maji, kwa gazeti ni moto, na mtu ni mmoja. Ama watu wa huku kwetu, wazee waliozaliwa malishoni hawakuandikiwa tarehe, na walipokwenda kuchukua vitambulisho wengi waliandikiwa tarehe mosi Januari. Kwa nyota za gazeti wote hao ni Mbuzi. Twawaona kila siku msikitini, mpole na mkali, tajiri na fakiri, aliyezika watoto watano na ambaye hajazika hata mmoja, wote Mbuzi kwa amri ya karani.

Na hata buruji zenyewe haziko pale walipoziweka Wayunani. Mbingu husogea kidogo kidogo, kiasi cha daraja moja kwa kila miaka sabini na mbili hivi, na tangu zama za Batlimusi, karne ya pili ya Miladi, zimekwisha kusogea karibu nyumba nzima. Siku ambazo gazeti lasema jua liko katika Punda, mwenye kutazama mbinguni huliona liko katika nyota za Samaki. Haya wanavyuoni wetu wa falaki waliyajua. Al-Biruni, aliyekiandika kitabu cha kufundisha unajimu mwaka 1029 kwa kuwa aliulizwa, hakuficha shaka yake juu yake. Ibn Sina aliandika risala ya kuwarudi wanajimu. Ibn al-Qayyim akawarudi kwa kurasa nyingi katika Miftah Dar al-Sa'ada.

Itasemwa: Lakini vitabu hivi vina majina ya wakubwa. Ndiyo, majina yako juu ya jalada. Kile kinachouzwa kwa jina la Abu Ma'shar, yule mnajimu wa Balkh aliyekufa mwaka 886, si njia yake yeye. Abu Ma'shar wa kweli alitaka saa ya kuzaliwa mtu na mahali pa kila sayari saa hiyo, si herufi za jina la mamake. Na Shams al-Ma'arif al-Kubra, ambacho wengi wenu mnacho sandukuni kimefungwa kitambaa, hunasibishwa kwa Ahmad al-Buni, mtu wa Buna, mji ambao leo ni Annaba katika Algeria, aliyekaa Misri mwanzo wa karne ya 7 ya Hijria. Watu waliozichungua nuskha za kale wamekuta ndani ya kitabu hicho kikubwa majina ya watu waliozaliwa baada ya al-Buni kufa. Vipi maiti atapokea elimu kwa mtu ambaye hajazaliwa? Kitabu hicho kilikusanywa na wengine, karne kadha baadaye, kikatiwa jina lake ili kiuzike. Yeye mwenyewe al-Buni anavyo vitabu vyake juu ya herufi na majina, na wanavyuoni kama Ibn Taymiyya na Ibn Khaldun waliyakosoa mambo yake kwa ukali. Lakini hata hao hawakukijua kitabu ambacho mwalimu wa Lamu amekifungua.

Ndilo tuonalo kubwa katika maisha ya Sheikh Yahya na katika urithi aliouacha. Watu hawakumwamini kwa sababu ya nyota. Walimwamini kwa sababu ya Qur'ani. Lau angekuwa mtu wa barazani asiyejua hata Fatiha, mzee wa Lamu asingalimtaja katika barua yake. Kila alichokijenga kwa tajwidi yake katika miaka ya mwanzo ndicho kilichompa uzito alipokuja kusema juu ya Kaa na Simba, na msikilizaji hakuona mahali neno la Mwenyezi Mungu lilipokoma na neno la mtu lilipoanza. Mganga mwenye pembe na kibuyu Muislamu humkimbia. Mwenye kilemba na tasbihi humkimbilia. Ndiyo sababu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, tangu magazeti yake ya Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, hakuwahangaikia makafiri kama alivyowahangaikia watu wa dini waliochanganya dini na khurafa. Na sisi wenye vilemba hatujitoi. Wangapi katika sisi huulizwa na mama mwenye mtoto wa kifafa, tukaandika kombe tukapokea bahasha, wala hatukumwambia apande gari ampeleke hospitali? Mtume (S.A.W.) amewaamrisha watu kujitibu. Amewaambia pia, katika Sahihi ya Muslim, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, Sala yake haikubaliwi siku arobaini. Hadithi hiyo ni nzito juu ya mwenye kuuliza. Juu ya mwenye kuulizwa akajibu, tufikiri wenyewe.

Ama Sheikh Yahya mwenyewe, amekwisha kufika kwa Mola wake, na tumekatazwa kuwatukana maiti. Darsani hapa palikuwa na ndugu mmoja aliyekataa kumuombea rehema. Hatukukubaliana naye. Alikuwa Muislamu, aliswaliwa, na twamuombea Mwenyezi Mungu amlipe kwa kila herufi ya Qur'ani aliyoisomesha na amsamehe hayo mengine. Kazi yake tunaikataa, naye tunamuombea, na mambo haya mawili hukaa katika moyo mmoja bila ya kugombana.

Tulimwandikia mzee wa Lamu yote haya, tukamuwekea hisabu zote mbili kwa Kiarabu ili azikague mwenyewe, tukamkumbusha kwamba binti ni wa nyumba njema na kwamba kumuoza ni kwa dini na tabia. Alijibu kwa simu siku ya nne. Sauti yake ilikuwa laini kuliko barua yake. Alisema hisabu zote mbili amezikuta sawa, na hapo tukamshukuru Mwenyezi Mungu kimoyomoyo. Kisha akauliza jambo moja tu: Katika kitambulisho cha serikali, mama yule ameandikwa Fatuma ama Fatima?

Tukamtuma kijana nyumbani kwa wakwe zake akaangalie. Alirudi na karatasi mkononi, huku anacheka na machozi yamemlengalenga. Ameandikwa Fatma. Kwa Kiarabu hiyo ni 134, na kwa Halima inakuwa 227, na husalia 11, yaani Ndoo, nyota ya upepo.

Khabari hii tumempelekea mzee jioni hiyo hiyo. Nikaha, mwenyewe kijana amesema, ataifunga akiwa na baba yake amekaa kando yake, na kwa hivyo bado twangoja basi la kutoka pwani.